Kwa Kardinali Kila Siku ni Zamu

Saa nne na nusu juu ya alama, vimilango vilifunguka kwenye ukuta wa mawe na kinanda kikaanza kulia. Mpigaji hayupo. Kulikuwa na maji tu yanayoanguka mahali fulani nyuma ya ukuta, na filimbi zikitoa muziki wa kale kana kwamba kuna mtu amejifungia humo ndani.

Umati ulionizunguka ulinyanyua simu. Mtoto mmoja akaanza kucheza, mama yake akamvuta mkono asije akaangukia kwenye bwawa.

Dada yangu hakunyanyua chochote. Yeye amekaa Roma miaka mingi akihudumia wazee, na hii bustani ya Villa d'Este, mjini Tivoli, alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza, kama watu wengi wa mjini ambao vivutio vya kwao huviona pale tu mgeni anapokuja. Alikuwa anafuata maji kwa macho. Yanatoka wapi, yanapita wapi, yanakatwa wapi. Kisha akaniinamia:

“Huu si mfongo huu? Sasa leo ni zamu ya nani?”

Nilicheka mpaka Mjerumani mmoja akanigeukia kwa hasira.

Kicheko kiliisha siku ileile. Swali halikuisha. Nimerudi nyumbani, nimefua nguo za safari, nimegawa chokoleti, na bado kila nikifungua picha za bustani ile swali linanirukia. Kwa hiyo naandika.

## Mserereko

Kwa asiyekulia Kilimanjaro: mfongo ni mfereji unaochimbwa kuanzia mtoni kule juu, ukapinda na mlima hatua kwa hatua, ukaleta maji mpaka kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani. Hakuna mashine. Kazi yote inafanywa na mteremko. Ukikosea mwinamo kidogo, maji yanasimama. Ukikosea upande wa pili, yanakata udongo na kuondoka na migomba ya jirani.

Tivoli iko kilomita 30 hivi mashariki ya Roma, mahali vilima vinapokatika ghafla kuelekea tambarare, na mto Aniene hapo hauna njia ila kuruka. Mji umekaa ukingoni. Bustani imekaa chini ya mji, ubavuni mwa kilima, hekta 4.5 tu. Ukilinganisha na sifa zake ni kieneo kidogo. Kuna watu wilayani Hai wenye shamba la kahawa kubwa kuliko hilo.

Lakini humo ndani UNESCO, walipoiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, walikuwa wanazungumzia fontana, yaani chemchemi za kutengenezwa, zaidi ya 50, na wanaohesabu wanakupa mirusho ya maji kwa mamia. Hakuna pampu hata moja. Miaka ya 1560 walichimba handaki lenye urefu wa mita 600 hivi chini ya mji wenyewe, chini ya nyumba za watu, wakaleta maji ya Aniene mpaka kwenye matangi ya juu ya bustani. Kutoka hapo yote ni mserereko. Fontana ya juu inamaliza kucheza, maji yanashuka kwenye ya pili, ya pili inayapeleka ya tatu. Kadiri unavyoshuka ndivyo msukumo unavyoongezeka, kwa hiyo ile ya chini inaweza kurusha maji juu zaidi ya vichwa vyetu mara kadhaa.

Kinanda nacho ni mserereko. Maji yanadondoka kwa nguvu kwenye bomba la wima na kuburuta hewa pamoja nayo. Chini kuna chumba kilichofungwa; maji yanatokea huku, hewa inabaki imebanwa, haina pa kwenda ila kwenye filimbi. Maji yaleyale yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha silinda yenye meno, meno yanagusa vitufe. Fundi wake alikuwa Mfaransa, Luc Leclerc, na akaendelezwa na mpwa wake Claude Venard. Inasimuliwa kwamba Papa Gregory XIII alipofika mwaka 1572 alitaka kuhakikishiwa kwamba hakuna mtu aliyefichwa ndani.

Namwelewa kabisa Baba Mtakatifu.

Hatua chache kutoka hapo kuna fontana ya bundi. Ndege wa shaba wanaimba, bundi anageuka, ndege wananyamaza. Bundi akiondoka, wanaanza tena. Hewa ileile, maji yaleyale. Wataalamu wanasema mawazo hayo yalitoka kwenye maandishi ya Hero, mhandisi wa kale wa Aleksandria, aliyeishi karne nyingi kabla. Mimi niliyaona nikafurahi kama mtoto, na sitaki mtu adhani kwamba makala hii imeandikwa na mtu aliyenuna.

## Mwenye bustani

Kardinali Ippolito d'Este, aliyeianzisha bustani hii, alizaliwa mwaka 1509. Mama yake ni Lucrezia Borgia, babu yake mzaa mama ni Papa Alexander VI. Hajatimiza miaka 10, tayari ni askofu mkuu wa Milano. Sina la kuongeza hapo.

Alitaka upapa maisha yake yote. Aliutafuta kwa fedha, kwa urafiki na wafalme wa Ufaransa, kwa karamu. Hakuupata. Mwaka 1550 alimsaidia Julius III kushinda, na shukrani aliyopewa ilikuwa ugavana wa Tivoli. Kwa mtu aliyekuwa anatazama kiti cha Petro, hiyo ni kama kupewa tarafa. Miaka mitano baadaye papa mwingine, Paul IV, akamfukuza kwa tuhuma za kununua vyeo. Alirejea baada ya papa huyo kufa mwaka 1559, na ni hapo kazi ya bustani iliposhika kasi.

Makazi ya gavana yalikuwa konventi ya zamani ya Wabenediktini, imechoka, haina hadhi. Chini yake kulikuwa na bonde liitwalo Valle Gaudente.

Na bondeni mlikuwa na watu.

Hapa ndipo nilipokwama. Vijitabu vya wageni vinaruka sehemu hii kwa sentensi moja: kardinali “alipata” ardhi. Tukubaliane kwamba ardhi haipatikani hivyo. Palikuwa na nyumba, mizabibu, bustani za mboga, kipande cha ukuta wa mji. Baadhi ilinunuliwa. Nyingine zilibomolewa. Kisha mteremko wenyewe ukaundwa upya: upande huu udongo ukachimbwa, upande ule ukajazwa na kushikiliwa kwa kuta, mpaka kilima ambacho Mungu alikiweka upande kikakubali kuwa na mstari ulionyooka katikati.

Wenyeji walifungua kesi.

Nimekaa na sentensi hiyo kwa muda. Mtu unayemshitaki ndiye gavana. Ndiye kardinali. Ndugu zake wanatawala Ferrara, marafiki zake ni wafalme. Wewe una nyumba iliyobomolewa na shamba la zabibu ambalo sasa ni ngazi. Unakwenda kwa mwandishi wa mahakama, unalipa, unasema jina lako, unasema mipaka ya shamba lako ilikuwa hapa na hapa. Kuna ushujaa fulani hapo ambao haukuchongewa sanamu.

Sanamu, kwa taarifa yako, zilitoka jirani. Msanifu wa kardinali, Pirro Ligorio, alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, na chini ya mlima kuna magofu ya makazi ya Kaisari Hadrian. Alichimba, akapandisha marumaru. Kaisari alikuwa amejikusanyia vitu vya himaya nzima. Kardinali akajikusanyia vya Kaisari. Baada ya miaka mia mbili hivi warithi wa kardinali walipofilisika, sehemu ya sanamu hizo ikauzwa na kuishia makumbusho ya Capitoline, Roma. Mambo ya dunia.

## Ramani

Kuna kipande kimoja cha bustani ambacho kila mtu anakipiga picha: njia ndefu ambayo ubavuni mwake maji yanatoka kwa safu tatu, moja juu ya nyingine, pamoja na tai wa ukoo wa Este, mashua, maua ya yungiyungi na vichwa vya wanyama vilivyoota kuvumwani. Wanaiita Cento Fontane.

Tulipita hapo taratibu, dada anaburuza kidole kwenye maji.

Sikujua siku ile kwamba tulikuwa tunatembea juu ya ramani. Mwanzoni mwa njia hiyo kuna fontana kubwa ya mviringo, yenye poromoko na mapango: hiyo ni Tivoli, na milima yake, na mito yake. Mwisho wa njia kuna Rometta, Roma ndogo ya mawe, yenye kisiwa cha Tiber kilichochongwa kama mashua na mnara katikati yake. Na Cento Fontane yenyewe ni maji yanayotoka milimani kwenda Roma.

Yaani mgeni wa kardinali alikuwa anaonyeshwa hivi: hapa ndipo maji yanapozaliwa, kule ndiko mji mkuu unakoyanywa, na katikati yupo mwenye nyumba, na tai wake amekaa juu ya bomba.

Nilipoelewa hilo ndipo utani wa dada ulipoacha kuwa utani. Kwenye mfongo, maji yana zamu. Leo asubuhi ya fulani, mchana wa fulani, kesho kwetu. Mzee wa mfongo ndiye anayepanga. Usipotokea kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha, unatozwa, na usipolipa zamu yako inarukwa. Ukiamka ukakuta maji hayajafika kihambani, unavaa mabuti unapanda mlima kumtafuta aliyeziba kwa gogo la mgomba, na mara nyingi unamjua kabla hujaondoka.

Maji ya Tivoli yalikuwa yanachezeshwa. Yalirushwa hewani, yakaimbishwa, yakafichwa chini ya sakafu ili yamrukie mgeni aliyevaa hariri, watu wakacheka. Aniene ileile wenye vinu walikuwa wanaitegemea kusagia, na wenye mashamba kunyweshea. Kwa kardinali kila siku ilikuwa zamu yake.

Niliridhika sana na wazo hilo. Nikampigia dada simu nimsomee.

## Dada yangu hakubaliani

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa kwenye basi, nasikia kondakta wa sauti akitaja vituo. Kisha akasema:

“Wewe mfongo uliuona ukubwani. Mimi niliwahi kufukuzwa pale.”

Nilikuwa sijui.

Alikuwa msichana mdogo, ametumwa, akapita karibu na banio, pale mfongo unapoanzia mtoni, wakati wazee wako kwenye shughuli zao. Akarudishwa kwa fimbo. Mwanamke hakutakiwa pale juu. Mwanamke hakukaa kwenye kikao cha zamu. Ndiye aliyepika, aliyefua, aliyenyweshea mboga, aliyejua kwamba maji hayatoshi kabla ya mtu mwingine yeyote, lakini mpangaji wa zamu alikuwa mwanamume, na mara nyingi alikuwa wa ukoo uliochimba mfongo huo mwanzo. Waliokuja nyuma walipeleka pombe na maneno matamu.

“Kardinali wako angalau alinifungulia mlango,” akasema. “Nimelipa tikiti, nimeingia.”

Nikamwambia alifunguliwa mlango na serikali ya Italia, tena baada ya vita ya kwanza ya dunia.

“Sawa. Lakini nimeingia.”

Hapo basi likafika, akakata.

Ni vigumu kuendelea na hoja baada ya simu kama hiyo. Nilikuwa nimejitengenezea mizani rahisi: huku maji ya wote, kule maji ya mmoja. Sasa upande wa “wote” ukawa na fimbo. Nikaiacha makala hii kwenye kompyuta, nikafanya mambo mengine. Kila nikiirudia, naona sentensi zimenuna.

Nikaenda kusoma upya, safari hii nikitafuta kitu ambacho kingemtetea kardinali. Kipo. Kabla ya handaki la Aniene, maji ya kwanza ya bustani yalikuwa ya chemchemi ya Rivellese, yakiletwa kwa mfereji kutoka Monte Sant'Angelo, na mfereji huo ulileta maji ya kunywa mjini pia. Gavana na mji walikuwa na shauri moja. Bustani ilipozidi kunywa ndipo likachimbwa handaki.

Kwa hiyo hata pale kulikuwa na mgao. Ila mgawaji alikuwa pia mnywaji mkubwa. Hilo, kwa kweli, kijijini kwetu tunalifahamu vizuri sana.

## Tunaiona kinyume

Jambo jingine lililonisumbua ni dogo, la mguu.

Leo unaingilia juu, Piazza Trento, unapita vyumba vya kasri vilivyochorwa kutani, unatokea kwenye roshani, bustani yote iko chini yako. Unashuka. Ndivyo sote tulivyoiona, na ndivyo picha zote zinavyopigwa.

Bustani haikutengenezwa hivyo. Mgeni wa kardinali alitoka Roma, akaingilia lango la chini, upande wa Via del Colle. Alianzia kwenye tambarare ya miti na mboga, akainua macho, akaona kilima kizima kimesimama mbele yake, maji yanamshukia, na kule juu kabisa, dirishani, mwenye nyumba. Kisha akaanza kupanda. Mstari ulikuwa umenyooka lakini njia haikuwa imenyooka. Kila mara unalazimika kuchagua kushoto au kulia, kwa sababu katikati pana fontana. Ligorio alipanga mle ndani simulizi ya Hercules, shujaa wa hadithi za Kigiriki aliyelazimika kuchagua kati ya raha na wema, na tufaha za dhahabu alizozitwaa bustanini kwa Hesperides zilikuwa kwenye nembo ya tai wa Este. Mgeni alifika juu akihema, amelowa, na amefundishwa adabu.

Wakati huo misaipresi hii mikubwa inayotia kivuli haikuwepo. Mingi ilipandwa karne iliyofuata. Jua lilikuwa linapiga, mawe yanawaka, na maji yakawa na maana zaidi.

Sisi tunaanzia dirishani. Kwa bei ya tikiti tunapewa nafasi ya kardinali kabla hatujapewa ya mgeni. Tangu nilipolijua hilo, kila bustani ya mteremko naisoma kwanza kwa swali la lango: ilitaka nisimame wapi?

Nimefanya hivyo kwa nyingine chache, kwenye michoro na picha. Villa Medici ya Fiesole, ya miaka ya 1450, juu ya Firenze: ngazi za ardhi zilizokatwa kwenye mwamba, gharama kubwa, faida ndogo ya kilimo. Pale unasimamishwa ili uutazame mji wa Firenze, ambao ukoo huohuo ulikuwa unauendesha. Villa Aldobrandini ya Frascati, iliyoanzwa mwaka 1598 kwa ajili ya kardinali mpwa wa Papa Clement VIII: unasimamishwa chini, jengo limekukalia kooni, na mchezo wa maji umefichwa nyuma kwa wateule.

Nyingi ni za makardinali. Nyingi zimekaa juu ya mji mdogo fulani. Wote walihitaji mtu wa kuwachimbia.

## Chokaa

Maji ya Aniene yana chokaa nyingi. Jiwe la travertino ambalo Roma ilijengewa ni zao la maji ya eneo hilo. Yanapopita kwenye bomba kila siku yanaacha utando, utando unakuwa ganda, ganda linaziba tundu. Sura za wanyama wa Cento Fontane zimeliwa na kufunikwa hadi baadhi huwezi kujua ni mnyama gani. Usipokwangua, bustani inajigeuza jiwe yenyewe.

Kardinali alikufa Desemba 1572, miezi michache baada ya ugeni wa papa, kazi haijakamilika. Wakafuata makardinali wengine wa ukoo, baadaye watawala wa Modena, baadaye kwa ndoa ikawa mali ya ukoo wa kifalme wa Habsburg huko Austria. Mwenye mali akiwa mbali na mfereji, mfereji unakufa. Karne ya 18 bustani ilikuwa pori lenye mabomba yaliyoziba, kinanda kimya, watu wanakuja kuchora magofu kwa sababu yanapendeza.

Katikati ya karne ya 19 kardinali mwingine, Gustav Adolf Hohenlohe, aliikodi na kuanza kukarabati. Alimkaribisha mwanamuziki Franz Liszt, ambaye alikaa humo kwa vipindi mpaka uzeeni na mwaka 1877 akaandika kipande cha piano kuhusu maji yale yanavyocheza. Kinanda cha maji kilikuwa kimekufa. Mtu akaja na piano kuyaimbia maji. Kisha ikaja mikononi mwa Franz Ferdinand, yule aliyeuawa Sarajevo mwaka 1914. Baada ya vita ikawa ya serikali. Mwaka 1944 mabomu yaliangukia Tivoli na bustani haikusalimika.

Kinanda kimerudi kulia mwaka 2003.

Na ile fontana kubwa kuliko zote, ya Neptune, yenye poromoko na ukuta wa maji, ambayo iko kwenye kila kalenda? Ilijengwa mwaka 1927. Mchongaji Bernini aliwahi kuweka poromoko hapo katika karne ya 17, likaharibika, na msanifu Attilio Rossi akatengeneza hili la sasa. Kilele cha bustani ya karne ya 16 ni mdogo kuliko bibi yangu… sawa, ni rika lake. Naipenda hata hivyo. Inanionyesha kwamba Villa d'Este si ya Ippolito tena kwa muda mrefu. Ni ya kila aliyekwangua chokaa.

## Roma inakuja kuchukua tena

Mwaka 1826 Aniene ulifurika ukabomoa nyumba za Tivoli. Papa Gregory XVI akaamuru mto utolewe mjini. Wakatoboa mahandaki mawili kwenye Monte Catillo, na mwaka 1835 mto ukaachwa uruke pembeni, mita 120 hivi. Mara hii handaki lilichimbwa ili maji yaende mbali na watu. Nililisoma hilo kwa namna ya faraja.

Faraja haikudumu. Mwaka 1892, kwenye kituo cha Acquoria, mteremko huohuo ukaanza kuzalisha umeme na kuupeleka Roma kwa waya wa kilomita 28 hivi, mojawapo ya njia za kwanza duniani za kusafirisha umeme wa mkondo geu kwa umbali wa namna hiyo. Taa za mji mkuu zikawaka kwa nguvu ya Tivoli.

Ramani ya Ligorio, neno kwa neno. Maji huku, Roma kule.

Nilimtumia dada habari hiyo kwa ujumbe. Alijibu kwa kuuliza bwawa letu la Nyumba ya Mungu linafua umeme kwa ajili ya nani, na kama mabomba ya kijijini kwetu yanatoka maji wiki hii. Ana tabia hiyo.

Tumekubaliana safari ijayo. Yeye anataka Villa Lante, Bagnaia, karibu na Viterbo, kwa sababu nimemwambia kuhusu meza. Kardinali Gambara aliweka bustanini meza ndefu ya jiwe, na katikati yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mkapitishwa mfereji wa maji ya kupozea mvinyo. Maji yanafika hapo kutoka juu ya kilima, yakishuka kwenye ngazi iliyochongwa kwa umbo la kamba wa mtoni, alama ya ukoo wake. Wageni wanakaa pande mbili, mfongo unapita kati ya sahani.

Dada anasema hapo angekaa mwisho wa meza, upande wa chini, aone yanafika mangapi.